Macho makavu: Uchina yaunganisha tiba mbili

MACHOZI si ya kilio pekee. Kila tupepesapo macho, utando mwembamba wa machozi hulainisha na kulinda jicho. Utando huo ukikosekana, macho huwasha, huwa mekundu na mgonjwa huhisi kana kwamba yametiwa mchanga.

Mojawapo ya visababishi vya hali hii ni ugonjwa wa Sjögren, uliopewa jina la daktari wa macho wa Uswidi, Henrik Sjögren, aliyeueleza mwaka wa 1933. Kinga ya mwili, badala ya kupigana na viini, huzishambulia tezi za machozi na za mate. Aghalabu huwapata wanawake wa umri wa makamo.

Ili kubaini ukavu huo, daktari hupachika ukanda wa karatasi kwenye ukope wa chini kwa dakika 5. Machozi yakilowesha milimita 5 au chini, tezi zina hitilafu.

Nchini Uchina, ambako serikali imehimiza kuunganishwa kwa tiba ya jadi na ya Kimagharibi tangu miaka ya 1950, mgonjwa huyu huweza kupata zote mbili katika hospitali moja.

Tiba ya Kimagharibi humpa machozi ya kutengenezwa, matone ya siklosporini yanayopunguza uvimbe, na tembe za pilokapini zinazochochea tezi.

Tabibu wa jadi naye huamini kuwa macho yanahusiana na ini, na kwamba ukavu hutokana na upungufu wa “yin”, yaani hali ya ubaridi na unyevu mwilini. Hutoa mitishamba kama vile maua ya krisanthemamu na matunda ya goji, na pia humdunga mgonjwa sindano nyembamba kuzunguka macho.

Baadhi ya majaribio yameonyesha kuwa sindano hizo huongeza machozi, lakini mengi yalihusisha wagonjwa wachache, hivyo ushahidi bado ni haba.

Isitoshe, si kila mmea ni salama. Mzizi uitwao leigongteng hutuliza kinga ya mwili, lakini unaweza kudhuru ini, figo na uwezo wa kuzaa.

Kwa hivyo, mgonjwa asiache dawa za hospitali kwa sababu ya mitishamba, na kila tabibu aelezwe alichotoa mwenzake. Ugonjwa huu pia huongeza hatari ya saratani ya tezi za limfu, na uchunguzi wa mara kwa mara ndio huigundua mapema.