Nani Hutoa Ruhusa ya Nyumba ya Bondeni?

Kila baada ya masika swali moja hurudi katika madarasa yetu ya elimu ya siasa: kwa nini mtu anayejenga bondeni asivunjiwe nyumba yake mara moja, madhali sheria ipo? Muulizaji huona amemaliza hoja. Sisi tunaona ameanzia mwisho. Kwanza hatuna budi kujiuliza nyumba ile ilifikaje pale, na ni akina nani walioiona ikipanda tofali kwa tofali wakanyamaza.

Tuchukue bonde la Msimbazi. Mto huu hutoka katika vilima vya Pugu, hupita katikati ya Dar es Salaam, na kuingia baharini karibu na Daraja la Selander. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu wapatao 40 jijini na kuwaacha maelfu bila makazi. Baadhi ya waathirika walipewa viwanja Mabwepande, nje kabisa ya mji. Mwishoni mwa mwaka 2015 zikaja alama za X na matingatinga. Hata hivyo maji ya mwaka 2018 yaliwakuta watu bondeni, na ya miaka iliyofuata vilevile.

Si kwamba sheria haikuwapo. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999 inaruhusu ardhi iliyo ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto itangazwe kuwa ardhi hatarishi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 nayo inalinda mita 60 hizo hizo. Sheria ya Mipangomiji ya mwaka 2007 inaifanya halmashauri kuwa mamlaka ya upangaji. Kwa hiyo tatizo tulitafute katika uhusiano uliopo kati ya sheria hizo na maisha ya mfanyakazi.

Mkoloni aliugawa mji huu kwa rangi: Uzunguni kwenye upepo wa bahari, Uhindini kwenye maduka, na Uswahilini ng'ambo ya Mnazi Mmoja. Kanuni za ujenzi zilikuwa kali Uzunguni na legevu Uswahilini, kwa sababu hazikukusudiwa kumlinda Mwafrika bali kumtenga. Ubaguzi ule ulikwisha, lakini tabia moja ilibaki: kibali cha ujenzi ni jambo la mwenye kiwanja kilichopimwa. Zaidi ya nusu ya wakazi wa Dar es Salaam wanaishi katika maeneo yasiyopangwa. Kuli, mama lishe na mchuuzi wa Kariakoo wanahitaji pa kulala ambapo wanaweza kwenda kazini kwa miguu, na ardhi nafuu iliyo karibu na Kariakoo ni ile ambayo tajiri aliikataa kwa kuogopa maji.

Sasa tutazame jinsi kiwanja cha bondeni kinavyouzwa. Mwuzaji na mnunuzi huandikiana karatasi. Mjumbe au kiongozi wa mtaa hushuhudia, mhuri hugongwa, na mara nyingi kitu kidogo hubaki mezani. Baadaye umeme huvutwa, na kila uchaguzi wagombea hupita mlango kwa mlango kuomba kura. Miaka kumi baadaye anakuja ofisa kumwambia mwananchi huyo kwamba yeye ni mvamizi. Mvamizi gani huyu mwenye mhuri wetu? Tunasema wetu kwa makusudi, maana baadhi ya mihuri hiyo iligongwa na watu waliopita katika madarasa haya haya.

Dola nayo haikuwa na msimamo mmoja. Karakana ya mabasi yaendayo haraka ilijengwa Jangwani, ndani ya bonde lile lile, na mwaka 2018 mafuriko yakaingia humo. Mwananchi aliyebomolewa mwaka 2015 aliliona jengo hilo. Kumfundisha huyo habari za mita 60 ni kazi ngumu.

Kuna jambo jingine ambalo wanafunzi wetu hulipuuza kwa kuliona ni la wahandisi. Mita 60 hupimwa kutoka ukingoni, na ukingo wa Msimbazi hautulii. Maji hula udongo, wachimbaji mchanga huuchimba, na mapaa na lami za juu ya bonde huleta maji mengi kwa saa chache. Nyumba iliyojengwa kihalali inaweza kujikuta ndani ya eneo la hatari bila kusogea hata hatua moja. Tena sehemu ya mto huu ni mpaka: ng'ambo moja ni Ilala, nyingine ni Kinondoni, na chanzo chake kiko Kisarawe, katika Mkoa wa Pwani. Halmashauri moja ikizuia na jirani yake akaachia, maji hayaulizi mpaka.

Basi udhibiti uanze siku ya mauzo. Alama za saruji zisimikwe bondeni na zipimwe upya mto unapohama. Ramani ibandikwe katika ofisi ya mtaa mahali ambapo mnunuzi ataiona kabla ya kutoa fedha. Na kiongozi anayeshuhudia mauzo ndani ya alama hizo aitwe mbele ya mkutano wa mtaa ajieleze. Pamoja na hayo halmashauri ipime viwanja vidogo vya bei nafuu mahali penye nauli moja tu hadi kazini. Baadhi ya waliopelekwa Mabwepande walirudi mjini kwa sababu riziki yao ilibaki huku.

Kada aliye katika mtaa wa mtoni anaweza kuanza wiki hii kwa kufungua daftari la mauzo la ofisi yake na kuhesabu mihuri iliyogongwa tangu masika iliyopita.