Mlo wa Singida na Bakteria wa Utumbo

Utumbo mpana wa binadamu, ambao ni sehemu ya mwisho ya njia ya chakula yenye urefu unaokaribia mita moja na nusu, ni makazi ya bakteria wanaokadiriwa kufikia trilioni 38, idadi inayozidi kidogo ile ya seli za mwili wa mtu mzima. Kwa muda mrefu elimu ya afya iliwataja bakteria kama maadui tu, waletao kipindupindu, homa ya matumbo na kuhara damu, na kwa magonjwa hayo ilikuwa na haki kabisa. Lakini walio wengi katika utumbo hawamdhuru mwenye mwili, bali humfanyia kazi ambazo mwili wenyewe hauwezi kuzifanya, na ujira wao ni chakula.

Si kila chakula, hata hivyo, kinachowafikia. Sukari, mafuta, wanga mwepesi na sehemu kubwa ya protini humeng'enywa na kufyonzwa katika utumbo mwembamba, kabla ya kufika waliko. Kinachobaki kwa ajili yao ni makapi mlo, yaani nyuzinyuzi za nafaka zisizokobolewa, za mboga za majani, mizizi, kunde na matunda, ambazo vimeng'enya vya binadamu haviwezi kuzivunja. Bakteria huzichachua, kwa namna isiyotofautiana sana na uji unavyochachuka ndani ya chungu cha togwa, na katika kuchachua huko hutoa asidi fupi za mafuta, ambazo kubwa ni asetati, propionati na butirati. Butirati ndiyo chakula kikuu cha seli zinazojenga ukuta wa utumbo mpana, na asidi hizo kwa pamoja husaidia kutuliza kinga ya mwili na kuchangia kuratibu matumizi ya sukari na hamu ya kula. Makapi mlo yakikosekana, kama majaribio ya panya yalivyoonyesha, baadhi ya bakteria huugeukia ute unaoulinda ukuta wa utumbo na kuanza kuula, ute ukapungua unene, na vijidudu vya maradhi vikapata njia ya kuukaribia ukuta wenyewe.

Hapo ndipo huweza kuanza hali ambayo wataalamu huiita inflamesheni sugu, yaani kinga ya mwili kuwa katika vita vidogo visivyokwisha, bila homa wala jeraha linaloonekana. Hali hiyo ikidumu kwa miaka huhusishwa na kisukari cha ukubwani, maradhi ya moyo na saratani ya utumbo mpana. Fikra ya kuunganisha maradhi hayo na upungufu wa makapi mlo ina mizizi Afrika Mashariki: Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyefanya kazi Uganda hadi miaka ya 1960, na mwenzake Hugh Trowell wa Mulago, Kampala, waliona kwamba magonjwa ya utumbo yaliyojaza wodi za Uingereza yalikuwa haba mno kwa wagonjwa wao wa vijijini, wakayahusisha na tofauti ya vyakula. Kilichokosekana katika hoja yao ni bakteria, kwa sababu vifaa vya kuwatambua kwa vinasaba vyao vilikuwa havijapatikana.

Mkoa wa Singida una nafasi ya pekee katika elimu hii. Kaskazini mwa mkoa, katika Wilaya ya Mkalama, hasa katika Kijiji cha Munguli, wanaishi baadhi ya Wahadzabe, watu wa bonde la Ziwa Eyasi ambao sehemu yao bado huishi kwa kuwinda, kurina asali, kuchuma matunda ya porini na kuchimba mizizi. Mwanamke wa Kihadzabe huchimba mizizi kwa kijiti kigumu kilichochongwa ncha, huibabua kwa dakika chache tu juu ya moto, huimenya na kuitafuna kwa muda mrefu, kisha hutema nyuzi ngumu zilizobaki mdomoni. Hata baada ya kutema hivyo, makapi mlo yanayoingia tumboni ni mengi kupita kiasi kinachofahamika mijini. Watafiti hukadiria kwamba Mhadzabe hupata gramu 100 hadi 150 kwa siku, ilhali Mmarekani wa kawaida hupata gramu 15 hivi.

Mwaka 2014 ulichapishwa utafiti uliolinganisha bakteria wa Wahadzabe 27 na wa Waitalia 16 wa mji wa Bologna, na Wahadzabe wakaonekana kuwa na aina nyingi zaidi. Wanawake wao walizidi wanaume kwa bakteria wa jamii ya Treponema, tofauti iliyoelezwa kwa kuwa wanawake hula mizizi mingi zaidi. Jina hilo huwatisha wanaolijua, kwa kuwa kaswende husababishwa na ndugu mmoja wa jamii hiyo, lakini hawa wa utumboni hufikiriwa kusaidia kuvunja nyuzi ngumu. Tena Wahadzabe watu wazima walikosa bifidobakteria, ambao Ulaya husifiwa kuwa alama ya utumbo wenye afya, na hawakuonekana kupungukiwa kwa kuwakosa. Inafuata kwamba hukumu ya bakteria mwema na mbaya haiwezi kutolewa bila kuuliza mwenyeji wake anakula nini na anaishi wapi.

Utafiti wa mwaka 2017, uliowashirikisha wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Stanford na wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, kituo cha Mwanza, ulichunguza sampuli 350 za kinyesi kutoka kwa Wahadzabe 188 katika misimu tofauti. Wakati wa masika, asali na matunda vinapopatikana kwa wingi, makundi kadhaa ya bakteria yalipungua hadi kutoonekana kabisa. Kiangazi kilipofika na watu wakala nyama zaidi, makundi hayo yakarejea. Utumbo, kwa maneno mengine, una masika na kiangazi chake. Makundi yanayopotea na kurudi kwa Wahadzabe ndiyo hasa yaliyo haba katika jamii za viwandani, ambako mlo wa mwaka mzima hauna msimu. Uchunguzi wa kina zaidi uliochapishwa mwaka 2023 ulihesabu wastani wa aina 730 za bakteria katika utumbo wa Mhadzabe mmoja, dhidi ya aina 277 kwa mkazi wa California.

Takwimu hizi zimewafanya wengi ughaibuni kuyatamani maisha ya porini kama dawa, na hilo ni kosa. Wanaanthropolojia waliokaa na Wahadzabe walikadiria kwamba mtoto mmoja kati ya watano hufa kabla ya kutimiza mwaka, na sababu kubwa ni maambukizi ambayo chanjo na maji safi vingeweza kuyazuia. Ardhi yao imeendelea kumegwa na kilimo na mifugo, na wanyama wa kuwindwa wamepungua. Jamii ambayo kinyesi chake kimesafirishwa hadi maabara za mbali kwa manufaa ya dunia inastahili kwanza zahanati, maji na ardhi yake; deni hilo ni la haki, wala halihitaji kusubiri utafiti mwingine.

Walio wengi mkoani, Wanyaturu, Wanyiramba na wengineo, ni wakulima na wafugaji, na mlo wao wa asili ulikuwa ugali wa mtama au uwele, mlenda, kunde, maziwa ya mgando, na michembe ya viazi vitamu iliyokaushwa kwa ajili ya miezi ya upungufu. Mtama usiokobolewa una nyuzinyuzi nyingi, wanga wake humeng'enywa polepole kuliko ule wa mahindi, na sehemu ya wanga huo hufika salama kwa bakteria. Ute wa mlenda, ambao wageni huushangaa, ni makapi mlo ya aina inayoyeyuka katika maji. Vitunguu vinavyopakiwa kwa magunia katika soko la Misuna mjini Singida vina inulini, wanga ambao binadamu hawezi kuumeng'enya na ambao bakteria wengi huupenda. Hata kiporo cha ugali kina nafasi yake, kwa kuwa wanga uliopikwa ukapoa hujipanga upya na sehemu yake kugoma kumeng'enywa, mradi kiporo hicho kimehifadhiwa vizuri kisichache.

Mlo huu umekuwa ukiachwa, na si kwa sababu ya ladha tu. Mtama na uwele vimeitwa kwa miaka mingi mazao ya njaa, chakula cha asiye na uwezo, huku sembe nyeupe ikipewa heshima ya kuwekwa mbele ya mgeni. Sembe ni mahindi yaliyokobolewa, yaani yaliyoondolewa ganda na kiini, hivyo mlaji hubaki na wanga, na pumba, ambayo ndiyo riziki ya bakteria, hupelekwa kwa kuku na ng'ombe. Ukiongeza soda, chipsi, maandazi na mkate mweupe, mtu hushiba kabisa ilhali utumbo wake mpana una njaa. Tanzania ilipopima watu wazima wa miaka 25 hadi 64 mwaka 2012, asilimia 9.1 walikutwa na kisukari. Haingekuwa kweli kuitwisha sembe mzigo wote, kwa maana uzito, kukaa bila kazi za mwili, pombe na urithi navyo vina sehemu, lakini chakula ndicho kinachobadilika upesi zaidi na ndicho kilicho mikononi mwa kila kaya.

Kwamba mwili nao huitikia upesi mabadiliko ya chakula kumethibitishwa mkoani Kilimanjaro. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2025, wanaume 77 wenye afya waligawanywa katika makundi: wa vijijini waliozoea chakula cha asili walipewa kwa wiki mbili chakula cha kizungu kilichosindikwa, na wa mjini waliozoea chakula hicho walipewa cha asili chenye mboga, kunde na nafaka nzima, huku wengine wakinywa mbege, kinywaji cha Wachagga kinachochachuliwa kwa ndizi na ulezi, kwa wiki moja. Waliohamia chakula cha kizungu walipanda viashiria vya inflamesheni, na seli zao za kinga zikaonyesha udhaifu zilipokutanishwa na vijidudu. Waliohamia chakula cha asili na wanywaji wa mbege walishuka viashiria hivyo, na baadhi ya mabadiliko yalionekana hata wiki nne baadaye. Mbege ina kilevi, kwa hiyo haifai kuchukuliwa kama tiba. Linalofaa kuchukuliwa ni muda wenyewe: wiki mbili zilitosha.

Kuchachua kuna faida nyingine kwa watoto. Togwa hupikwa kama uji wa mtama, ulezi au mahindi, hupozwa hadi uvuguvugu, kisha huchanganywa na unga wa kimea na kuachwa usiku kucha hadi povu dogo litokee na harufu ya uchachu isikike. Kimea huufanya uji kuwa mwepesi bila kuongezwa maji, hivyo mtoto hupata nguvu nyingi katika vijiko vichache, na asidi inayotengenezwa huzuia vijidudu vingi vya kuhara kukua. Watafiti Wilbald Lorri na Ulf Svanberg walieleza mwaka 1994 kwamba watoto wa vijijini Tanzania waliolishwa uji uliochachuliwa walipata kuhara mara chache kuliko wenzao. Tena kuota na kuchachuka kwa nafaka hupunguza viambata vinavyozuia madini ya chuma kufyonzwa, kasoro ambayo mtama, hasa mwekundu, haukosi.

Njia ya mkato ya kuutengeneza utumbo kwa dawa badala ya chakula haijapatikana. Huko Haydom, mkoani Manyara karibu na mpaka wa Singida, zaidi ya watoto 1,100 waliandikishwa katika jaribio la kuwapa dawa za kuua vimelea vya tumboni mara kwa mara hata wasipoumwa, na dawa hizo hazikuwaongezea urefu. Antibayotiki huokoa maisha zinapohitajika, lakini hazichagui. Huua bakteria wa maradhi pamoja na wale wanaolinda utumbo, na anayenunua vidonge vichache dukani kwa kila tumbo linalouma hujipunguzia walinzi bila kujua alichokuwa akiumwa.

Mtu aliyeacha mtama na dona, yaani unga wa mahindi yasiyokobolewa, kwa miaka asirudi kwa siku moja, kwa sababu bakteria waliopungua huhitaji muda kuongezeka. Aanze kwa kuchanganya theluthi moja ya unga wa mtama katika unga wa kawaida, aongeze kidogo kila wiki, anywe maji ya kutosha, wala asishangae tumbo likijaa gesi kwa siku kadhaa, kwa kuwa gesi hiyo ni dalili kwamba uchachuaji umeanza tena.