Ng'ombe mzee na safari ndefu: vile tulivyoanza Lubudi



"Ule ngombe alishazeeka. Mutamuua mu njia, na feza yetu itapotea." Hivyo mama mmoja mwanachama alituambia mbele ya depo, siku tulipomleta ng'ombe wetu wa pili. Watu walicheka. Sisi hatukucheka, kwa sababu tulijua anaweza kuwa na haki.

Shida yetu mnaijua, maana ni yenu pia. Mashamba yetu ya mahindi yako kilomita 18 toka depo ya Lubudi, karibu na stesheni ya treni. Kwa kinga, mtu anasukuma mifuko miwili, mitatu kama ana nguvu, na siku nzima inaisha njiani. Gari ikikubali kuingia mpaka kule, mwenye gari anataka bei inayokula karibu faida yote. Njo maana tulichanga feza ya kununua ng'ombe wawili wa kuvuta mkokoteni. Lakini feza ilitosha kumpata kijana mmoja asiyejua kazi, na mzee mmoja aliyekwisha kuzoea nira. Huyu mzee alitoka kwa mfugaji wa upande wa Biano, kule juu ambako ng'ombe wanafugwa tangu wakati wa Wabelgiji. Tulimwita Mzee, hatukutafuta jina lingine.

Kosa letu la kwanza

Tuseme ukweli: safari ya kwanza tulimkosea. Alikuwa amekaa miezi mingi bila kazi, anakula majani tu. Sisi tulimfunga nira asubuhi, tukapakia mifuko 12 ya kilo 50, tukaanza safari ya kilomita 18 kana kwamba ametoka kazini jana. Kwenye kilomita ya 11, chini ya kilima, alilala. Mdomo wazi, ulimi nje, mbavu zinapanda na kushuka mbio mbio. Tulishusha mifuko yote, tukamwagia maji, tukalala porini pamoja naye. Asubuhi alisimama. Ilikuwa bahati, haikuwa akili yetu.

Kiisha tukamwita veterineri. Hakutugombeza. Alimfungua Mzee mdomo, akatuonyesha meno. Ng'ombe hana meno ya mbele juu, ana manane chini. Akifika miaka minne au mitano, yote manane ya kudumu yameshatoka. Baada ya hapo yanaanza kulika, yanakuwa mafupi, yanaachana. Ya Mzee yalikuwa mafupi na yenye nafasi katikati: miaka 10 au zaidi. "Iko mzee," alisema, "lakini macho iko muzuri, miguu iko muzuri, hana homa. Hana ugonjwa. Ninyi njo mulimuharakisha."

Somo kutoka kwa farasi

Veterineri alitupa mfano uliotushangaza. Katika nchi nyingi, pamoja na zile za Waarabu kama Oman, kuna mashindano ya kupanda farasi mwendo mrefu, mpaka kilomita 160 kwa siku moja. Njia inakatwa vipande. Mwisho wa kila kipande farasi anasimamishwa, veterineri anapima mapigo ya moyo. Katika mashindano mengi kipimo ni mapigo 64 kwa dakika: moyo usiposhuka mpaka hapo katika muda uliowekwa, farasi anatolewa. Anatembezwa pia, na akichechemea anatolewa, hata kama ndiye aliyefika wa kwanza. Mpandaji hana la kujibu.

Na farasi wazee? Wapo. Huko Marekani farasi mmoja aliyeitwa Elmer Bandit aliendelea na safari za mashindano akiwa amepita miaka 35, na hesabu ya njia zake zote ilipita maili 20,000, ni kusema zaidi ya kilomita 32,000. Hakufika huko kwa kukimbizwa. Alifika kwa kupumzishwa na kupimwa, mwaka baada ya mwaka.

Ng'ombe si farasi. Anatembea polepole, karibu kilomita tatu kwa saa, na anahitaji saa nyingi za kucheua. Lakini kanuni ni ile ile: mnyama ndiye anayesema safari imekwisha, si mwenye mzigo.

Tulivyoanza upya

Tulimpa Mzee wiki mbili za kupumzika na kula. Kiisha tukafuata mpango huu, siku tatu kwa wiki:

Wiki ya 1 na ya 2: kutembea kilomita 3 bila mkokoteni, na nira shingoni.
Wiki ya 3 na ya 4: kilomita 5, mkokoteni mtupu.
Wiki ya 5 na ya 6: kilomita 5 vilevile, mifuko minne.
Wiki ya 7 na ya 8: kilomita 9, mifuko minne.
Baada ya hapo tuliongeza polepole mpaka mifuko minane na njia nzima, lakini kwa siku mbili: kwenda siku moja, kulala, kurudi kesho yake.

Angalieni jambo moja: hatukuongeza njia na mzigo kwa wakati mmoja. Ukiongeza vyote viwili na mnyama akashindwa, hutajua ni kipi kilichomshinda. Na msidanganywe na pumzi. Pumzi na nyama ya mwili vinapata nguvu katika wiki chache, lakini mishipa ya miguu, viungo na kwato vinachukua miezi. Mnyama anaweza kuonekana ana nguvu, kumbe miguu bado.

Kuhusu kijana, tulimfunga pamoja na Mzee, naye akajifunza kwa kumfuata. Mwendo ni wa yule anayetembea polepole. Tulisogeza pia pete ya nira, pale mti wa mkokoteni unapofungwa, tukaisogeza kidogo upande wa kijana. Yule aliye karibu na pete ndiye anayebeba uzito zaidi. Kwa hiyo nguvu inatoka kwa kijana, akili inatoka kwa Mzee.

Kupima bila mashine

Vitu vinavyotakiwa ni daftari, kalamu na saa ya telefone.

Pumzi: simama pembeni, angalia ubavu. Kupanda na kushuka ni moja. Hesabu dakika nzima. Fanya hivyo asubuhi, ng'ombe akiwa ametulia kivulini, siku tano mfululizo, uandike. Hiyo ndiyo hesabu yake yeye. Usichukue ya ng'ombe wa jirani.

Mapigo ya moyo: weka vidole chini ya mkia, upana wa kiganja kimoja toka pale mkia unapoanza, katikati. Utasikia mshipa unapiga. Hesabu sekunde 15, zidisha mara nne.

Maji: vuta ngozi ya shingo kwa vidole viwili, uiachie. Inapaswa kurudi mara moja. Ikichelewa, mnyama amekauka. Lakini ngozi ya mzee inarudi polepole kidogo kuliko ya kijana, kwa hiyo ijaribuni kwanza nyumbani siku ya mapumziko, mujue ya kwake ikoje.

Miguu: kabla ya kuondoka na kila mapumziko, mtembeze hatua 20 bila mzigo. Inua kwato, toa mawe. Pitisha mkono chini ya nira. Penye joto au penye manyoya yaliyotoka, kidonda kinakuja.

Kanuni yetu sasa ni hii. Kila saa moja na nusu tunasimama kivulini. Tunahesabu pumzi na mapigo tukifika, na tena baada ya nusu saa. Kama bado viko juu sana kuliko vya asubuhi, hatuendelei. Akichechemea, hatuendelei. Akikataa maji na majani, hatuendelei. Tunaondoka alfajiri, na jua likiwa kali tunafungua nira. Saa za kuvuta kwa siku tunaziwekea mpaka, na za Mzee zinakuwa chache zaidi mwezi wa 9 na wa 10, joto linapozidi.

Chakula nacho kinataka akili. Meno yaliyolika hayawezi mabua makavu. Tunamkatia majani vipande vifupi, tunamlowekea pumba ya mahindi ndani ya maji, tunamwekea chumvi. Kila mwezi tunaangalia macho yake na kumtoa kupe. Ng'ombe anayekonda huku anakula, au mwenye macho meupe ndani, asifungwe nira: anaweza kuwa na ugonjwa wa mbung'o au wa kupe. Mwite veterineri kwanza.

Siku tuliyorudi nyuma

Yule mama aliyetuonya ndiye tuliyempa kazi ya kushika daftari, kwa sababu tulijua hatatuonea haya. Siku moja mnunuzi alikuwa anatungojea kwenye depo na feza mkononi. Tulipofika kilomita ya 7, mama alihesabu pumzi, akangoja nusu saa, akahesabu tena. Akafunga daftari. "Leo haendi," alisema.

Kulikuwa na kelele. Wengine walisema mnunuzi ataondoka, na kweli aliondoka. Tuliuza yale mahindi siku tisa baadaye, kwa bei ya chini kidogo. Hiyo ni hasara, hatuifichi. Lakini usiku ule Mzee alipata homa, veterineri akakuta ni ugonjwa wa kupe, akamtibu mapema. Kama tungemsukuma, tungeuza mahindi ya siku moja na kupoteza ng'ombe wa koperative nzima.

Tulikubaliana pia juu ya mwisho wake. Siku ambayo Mzee atashindwa kilomita 9 na mkokoteni mtupu, siku mbili tofauti akiwa hana ugonjwa, atatoka kwenye safari ndefu. Atabaki na kazi ndogo za hapa depo, kuleta maji na kufundisha vijana. Tuliiandika kwenye daftari la kikao, kila mmoja akatia sahihi, ili siku hiyo ikifika tusianze kubishana.

Koperative inayotaka kuanza na ng'ombe mzee ianze na daftari kabla ya nira. Chagueni mtu mmoja wa kulishika, asiye na mifuko yake kwenye mkokoteni siku hiyo, na neno lake liwe la mwisho.