Dawa ya Mbu na Homoni za Kamba

Theluji ikishayeyuka, helikopta huanza kupita juu ya madimbwi yanayoizunguka Minneapolis na Saint Paul, zikimwaga punje za dawa. Hiyo ni kazi ya Metropolitan Mosquito Control District, mamlaka iliyoundwa mwaka 1958 na inayohudumia kaunti 7.

Mojawapo ya dawa zake ni methoprini. Huiga homoni ya ujana ya wadudu, hivyo kiluwiluwi cha mbu hudanganywa kwamba bado ni mtoto, kikafia kwenye hatua ya pupa. Ujanja safi kabisa, ila kamba wa majini naye ni nduguye mbu, na wote hukua kwa kujivua gamba. Mwaka 1987 watafiti wa Marekani waliripoti kwamba kaa hutengeneza methili farnesoeti, kemikali iliyopungukiwa atomu moja tu ya oksijeni iwe homoni ya ujana ya wadudu. Katika jamii ya kaa na kamba, ndiyo inayohusika na ukuaji na uzazi.

Basi si ajabu kwamba maabarani, vitoto vya kamba vikiwekewa methoprini nyingi, hushindwa kugeuka kamba kamili. Dafnia, binamu yao mdogo wa maziwani, kwa kawaida huzaa majike watupu bila dume. Akikutana na kemikali za aina hii, huanza kuzaa madume.

Na huko madimbwini? Kuanzia 1991 hadi 1993 methoprini na Bti, dawa itokanayo na bakteria, zilijaribiwa katika ardhi oevu za Kaunti ya Wright, magharibi ya Minneapolis. Wadudu wa majini wasiolengwa walipungua sana kuanzia mwaka wa pili. Viumbe wadogo waeleao, akina dafnia wakiwemo, hawakuonyesha madhara. Kwa maoni yangu, kilichowaokoa ni udogo wa kipimo, maana, kama tulivyoona, mwili wao huathirika.

Katika Ziwa Victoria hakukuwa na kipimo. Baadhi ya wavuvi walimwaga viuatilifu majini wapate samaki, na mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ukazuia samaki wa ziwa hilo. Viuatilifu vya kundi la oganofosfati huua kwa njia nyingine: hukizuia kimeng'enya kinachotuliza mishipa ya fahamu. Misuli ya kamba hukakamaa, akafa. Basi wewe unayepulizia nyanya dawa kando ya mto, bomba lako usilisuuze mtoni.