Dawa za mafua, maumivu na TB zinavyovuruga hesabu ya siku za uzazi

Mwanamke anayevuka Busia, Namanga au Mutukula na mzigo wake hubeba pia dawa kwenye mkoba: za mafua, za maumivu, pengine na vidonge vya dharura. Wengi huzimeza bila kujua kwamba baadhi yake hubadilisha dalili za siku za kushika mimba. Anayepanga uzazi kwa kalenda anaweza kupata mimba asiyoitarajia. Anayetafuta mtoto anaweza kupoteza miezi.

Dalili zinazofuatwa ni tatu: tarehe za hedhi, ute wa ukeni na joto la mwili. Yai linapokaribia kupevuka, ute huwa mwepesi na kuvutika kama ute wa yai bichi. Yai likishatoka, joto la alfajiri hupanda kidogo, nyuzi 0.2 hadi 0.5.

Mafua, homa na maumivu

Dawa za mzio kama Piriton hukausha kamasi puani, na zinaweza kukausha ute huo pia. Anayeusubiri hudhani siku hazijafika, kumbe zimefika. Antibiotiki nazo huweza kuleta fangasi, na uchafu wake ukafunika ute.

Ibuprofen na diclofenac zikitumiwa mfululizo yai linapokaribia kutoka, zinaweza kulichelewesha au kulizuia. Zikiachwa, hali hurejea. Homa ya malaria hupandisha joto na paracetamol hulishusha, hivyo vipimo vya siku hizo havihesabiwi. Hata aliyekesha kwenye basi hawezi kutegemea kipimo cha asubuhi hiyo, kwani hupimwa kabla ya kuinuka kitandani, baada ya usingizi wa saa 3 au zaidi.

Sindano na vidonge vya dharura

Sindano ya miezi 3 huweza kukatisha hedhi, na baada ya kuiacha, uzazi huchukua miezi kadhaa kurejea, kwa wengine karibu mwaka. Vidonge vya dharura, maarufu kama P2, huchelewesha yai, na hedhi huweza kuwahi au kuchelewa. Mwezi huo kalenda haiaminiki. Hedhi ikichelewa zaidi ya wiki moja, ni vyema kupima mimba.

TB na VVU

Rifampicin, inayotumiwa katika matibabu ya TB ya miezi 6, hupunguza nguvu ya vidonge vya majira na vipandikizi. Efavirenz, dawa ya VVU, hupunguza nguvu ya vipandikizi. Mgonjwa hapaswi kuacha dawa hizo. Hutumia kondomu pia au huomba njia nyingine, kama kitanzi cha shaba.

Ng'ambo ya mpaka dawa ileile huuzwa kwa jina jingine la biashara. Mfanyabiashara atunze pakiti, aulize jina halisi la dawa, na aandike tarehe aliyoimeza kando ya tarehe za hedhi. Daftari la mauzo linatosha. Mhudumu wa afya wa upande wowote ataweza kulisoma.