Jina la Biashara Yako: Kweli Ipi, Uvumi Upi?

Mteja akifika dukani haulizi sabuni tu, anataja sabuni anayoitaka kwa jina. Jina hilo ni mali, na lina sheria yake. Kinachosikitisha ni kwamba wafanyabiashara wengi huambiana sheria hiyo kwa mdomo, na mengi wanayoambiana si sahihi.

“Nina cheti cha jina la biashara, kwa hiyo jina ni langu.”

Si kweli, na huu ndio uvumi unaoumiza kuliko mingine yote. Tanzania Bara chanzo cha mkanganyiko ni kwamba ofisi ni moja: BRELA husajili majina ya biashara, kampuni, na pia alama za biashara. Lakini madaftari ni tofauti na sheria ni tofauti. Sheria ya majina ya biashara inataka ijulikane nani yuko nyuma ya jina, ili mwenye madai ajue wa kumfuata. Haki ya kuwazuia wengine wasilitumie inatoka kwenye Sheria ya Alama za Biashara na Huduma ya mwaka 1986.

Tuseme mama mmoja wa Morogoro anafungasha viungo vya pilau. Ana cheti cha jina, ana TIN, ana leseni ya halmashauri. Akitokea mwingine akalisajili jina lilelile kuwa alama ya viungo, mama huyu ndiye atakayejikuta anajitetea. Hajapoteza kila kitu. Anaweza kwenda mahakamani kulalamika kwamba mwenzake anauza kana kwamba bidhaa ni za kwake yeye mama. Ila atatakiwa athibitishe kuwa wateja walikuwa wamekwisha kulijua jina lake, kuwa wamepotoshwa, na kuwa ameumia kibiashara. Mwenye cheti cha alama hana haja ya kuanzia mbali hivyo. Cheti chenyewe ni ushahidi.

“Nikishasajili alama, nimelindwa kila mahali.”

Si kweli. Cheti cha BRELA hakivuki hata bahari ya kwenda Unguja. Zanzibar ina sheria yake ya mali za viwandani ya mwaka 2008 na msajili wake, BPRA. Anayeuza Darajani na Kariakoo anahitaji usajili wa pande zote mbili. Akifikisha mzigo Nairobi, anapaswa kwenda KIPI, msajili wa Kenya, kwa kuwa Jumuiya ya Afrika Mashariki haina usajili mmoja wa alama kwa nchi zote wanachama. Jambo moja la kumfaa: Tanzania imo katika Mkataba wa Paris, kwa hiyo ukiomba nyumbani unapata miezi 6 ya kuomba katika nchi nyingine wanachama huku ukihesabiwa tarehe yako ya kwanza.

Ulinzi pia hufuata bidhaa. Bidhaa na huduma zimegawanywa katika madaraja 45: nguo ziko daraja la 25, kahawa na viungo la 30, mgahawa la 43. Kila daraja unaliombea na kulilipia.

“Disney imeimiliki Hakuna Matata, hatuwezi tena kuisema.”

Si kweli, ingawa hasira iliyozuka ninaielewa. Disney iliomba alama hiyo Marekani mwaka 1994, mwaka filamu ya The Lion King ilipotoka, na ikasajiliwa mwaka 2003 kwa ajili ya fulana. Wengi walilijua jambo hilo mwaka 2018, watu walipoanza kusaini malalamiko mtandaoni. Maneno hayo yalikuwa yetu muda mrefu kabla ya filamu, na Them Mushrooms wa Kenya waliyaimba katika Jambo Bwana mwaka 1982. Alama ile haimzuii mtu kusema wala kuimba. Anayepaswa kuwa makini ni yule anayepeleka Marekani fulana zenye maneno hayo kama chapa yake.

“Basi neno lolote linasajilika.”

Si kweli. Msajili hukataa neno linaloitaja tu bidhaa yenyewe au sifa yake. Hapo ndipo penye tofauti: Hakuna Matata haisemi lolote kuhusu fulana, lakini kikoi ni jina la nguo yenyewe. Kampuni moja ya Uingereza ilipoomba huko kwao isajiliwe “Kikoy”, Wakenya walipinga, shirika la Traidcraft likawaunga mkono, na ombi halikufika popote. Ninalikumbuka hilo kwa furaha, kwa sababu wafumaji na wauzaji wa pwani wangeshindwa kuiuza nguo yao katika soko lile kwa jina lake. Kwa sababu hiyohiyo, anayetaka kuyaita maji yake “Maji Safi” atafute jina jingine.

“Usajili ni wa milele.”

Kweli, ukiutunza. Tanzania Bara hudumu miaka 7, kisha unahuishwa kila miaka 10. Kenya ni miaka 10 tangu mwanzo. Usipoitumia alama Tanzania Bara kwa miaka 3 mfululizo, mwingine anaweza kuomba ifutwe.

“Serikali itawatafuta wanaoniiga.”

Kwa sehemu ndogo tu. Tume ya Ushindani, FCC, hukamata bidhaa bandia, lakini mlinzi wa kwanza ni mwenye alama. Kila ombi lililokubaliwa hutangazwa kwenye jarida la msajili, na kuanzia hapo kuna siku 60 za kuweka pingamizi. Zikipita kimya, jina linalofanana na lako linasajiliwa, na kuling'oa baadaye ni kazi ngumu na ya gharama.

Kwa hiyo, ndugu mfanyabiashara, kabla hujalipia lebo za kwanza, litafute jina lako kwenye daftari la alama za biashara. Ukilikuta halina mwenyewe, peleka ombi kabla mzigo haujaingia sokoni.