Tuandike Sensa ya Ukoo Wetu

Ndugu msomaji, hebu jiulize. Baba wa babu yako aliitwa nani? Alizaliwa kijiji gani? Alikuwa na ndugu wangapi, na watoto wao wako wapi leo? Swali la kwanza wengi hulijibu. La mwisho huwashinda.

Jambo hili si la mchezo. Ukijaza fomu ya Kitambulisho cha Taifa, unaulizwa habari za wazazi wako. Mtu akifariki, kikao cha ukoo hutakiwa kuwataja warithi wake. Akisahauliwa mmoja, ugomvi wa shamba huanzia hapo. Na vijana wa ukoo mmoja, huyu amekulia Magu na yule Sengerema, huweza kuchumbiana bila kujua kwamba ni ndugu.

Wengine husema: "Mbona Serikali ilituhesabu? Si twende tukaangalie kwenye sensa?" Swali hili ni zuri. Tulijibu.

SENSA ZETU

Serikali ya mkoloni ilihesabu watu mwaka 1948 na mwaka 1957. Baada ya Uhuru tumehesabiwa mara sita: 1967, 1978, 1988, 2002, 2012 na 2022. Mwaka 1967 Tanzania ilikuwa na watu 12,313,469. Mwaka 2022 tulifika 61,741,120.

Unakumbuka karani wa sensa alivyofanya mwaka 2022. Alikuja na kishikwambi. Aliuliza nani alilala katika kaya usiku wa kuamkia siku ya sensa. Aliandika jina, umri, na uhusiano wa kila mtu na mkuu wa kaya. Kumbe hiyo ndiyo historia ya ukoo yenyewe!

Lakini huwezi kwenda kuifungua. Sheria ya Takwimu inakataza kutoa habari za mtu mmoja mmoja. Zinazotolewa ni jumla tu: kata fulani ina watu wangapi, wanawake wangapi, watoto wangapi. Siri hiyo ina maana. Bila siri watu wangeogopa kusema kweli, wakidhani wanaandikiwa kodi.

WENZETU WANAFANYAJE?

Huko Marekani Serikali Kuu huhesabu watu kila baada ya miaka 10, tangu mwaka 1790. Majimbo mengine nayo, kama New York, yaliwahi kufanya sensa zao yenyewe katikati ya miaka hiyo. Fomu za Serikali Kuu hufichwa kwa miaka 72, kisha hufunguliwa kwa wote. Fomu za mwaka 1950 zilifunguliwa mwaka 2022. Uingereza wao hungoja miaka 100.

Mtafutaji huanza na sensa ya karibuni iliyofunguliwa. Anamkuta babu yake akiwa mtoto, na anasoma jina la baba wa babu. Kisha anarudi nyuma kwenye sensa nyingine, hatua kwa hatua, kama mtu anayeshuka ngazi.

Hata hivyo ngazi hiyo ina mapengo. Mpaka mwaka 1840 fomu za Marekani ziliandika jina la mkuu wa kaya tu. Mwaka 1850 na mwaka 1860 watumwa waliandikwa umri na jinsi chini ya jina la bwana wao, karibu wote bila majina. Utumwa ukafutwa, na sensa ya mwaka 1870 ikawa ya kwanza kuwaandika wote kwa majina. Ndiyo maana Wamarekani Weusi wengi wakifika mwaka 1870 njia yao hukatika. Wajukuu wanateseka kwa sababu babu hakuandikwa jina.

NJIA YETU SISI

Sisi tusingoje fomu zifunguliwe. Tufanye kazi ya karani wa sensa katika ukoo wetu wenyewe.

Kwanza, anza na wazee walio hai. Nenda na daftari. Uliza kaya moja moja: mume, wake, watoto wote. Waandike pia waliokufa wangali wadogo, na mabinti walioolewa mbali. Andika nani alikuambia na tarehe gani.

Pili, tafuta makaratasi. Parokia zina vitabu vya ubatizo na ndoa. Mapadri Weupe walianzisha misheni ya Bukumbi mwaka 1883, kwa hiyo Ukristo una umri mkubwa ukanda huu. Tazama pia vyeti vya ndoa na vya kuzaliwa, vitabu vya uandikishaji vya shule, na risiti za zamani za kodi. Usichome makaratasi ya marehemu kabla ya kuyasoma.

Tatu, tumia kalenda ya matukio. Makarani wa sensa nao huitumia kwa mzee asiyejua mwaka wake. Muulize bibi: Ulizaliwa kabla au baada ya reli kufika Mwanza? Ilikuwa mwaka 1928. Uliolewa kabla ya Uhuru, mwaka 1961? Ulikuwa na mtoto wa ngapi meli ya MV Bukoba ilipozama, mwaka 1996?

Nne, sikiliza majina. Kwa Wasukuma, Kulwa na Doto ni mapacha, na Shija ni anayewafuata. Ukimkuta Shija katika daftari lakini Kulwa na Doto hawamo, uliza kwa upole. Huenda mapacha walikufa wangali wachanga.

Tano, angalia mipaka. Mwaka 2002 Mkoa wa Mwanza ulikuwa na watu zaidi ya 2,900,000. Mwaka 2012 wakahesabiwa 2,772,509. Je, watu walipungua? Hapana. Mwaka 2012 Geita ilifanywa mkoa, na Busega ikaenda Mkoa wa Simiyu. Basi shangazi aliyezaliwa "Mwanza" huenda leo kwao ni Geita. Kumbuka pia Operesheni Vijiji ya miaka ya 1974 hadi 1976. Familia nyingi zilihama, na makaburi yao yakabaki kwenye mahame. Uliza jina la mahame hayo.

Ukimaliza, nakili daftari mara mbili. Moja likae kwako, jingine kwa ndugu wa mji mwingine, maana mchwa na moto havichagui. Ulijifunza kusoma na kuandika ukiwa mtu mzima. Kazi hii yakufaa wewe hasa, na mzee aliye na majina hayo kichwani hatakungoja mpaka sensa ijayo.

MASWALI YA KUJADILI DARASANI

1. Kwa nini habari za mtu mmoja mmoja katika sensa ni siri?
2. Taja matukio matatu ya kijijini kwenu yanayoweza kusaidia kukisia umri wa mzee.
3. Ni mzee gani wa ukoo wako utakayeanza kumwuliza wiki hii?